Sarafu Adimu: Si Kila ya Kale Ina Thamani

Mtu akipata sarafu kuukuu, swali lake la kwanza huwa ni moja: ina miaka mingapi? Mkusanyaji mzoefu huuliza mengine. Zimebaki ngapi? Nani anazitaka? Majibu ya maswali hayo mawili ndiyo yanayoifanya sarafu iitwe adimu: zilizobaki ni chache kuliko watu wanaozitafuta. Umri peke yake hauamui.

Mwaka 2010, karibu na mji wa Frome huko Uingereza, kilifukuliwa chungu kimoja chenye sarafu 52,503 za Kirumi za karne ya 3. Chungu kimoja tu! Dola la Kirumi lilitengeneza sarafu kwa mamilioni, watu wakazifukia ardhini, na hadi leo zinaendelea kuibuka. Ndiyo maana sarafu ya kawaida ya Kirumi, iliyochakaa kidogo, haihitaji utajiri kuimiliki, ingawa imepita mikononi mwa watu walioishi miaka 1,700 iliyopita.

Kwa upande mwingine kuna Double Eagle ya mwaka 1933, sarafu ya dhahabu ya Marekani ya dola 20. Zilitengenezwa 445,500, na hiyo si idadi ndogo hata kidogo. Lakini mwaka huohuo, katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, Rais Franklin Roosevelt aliamuru wananchi wairejeshe dhahabu yao. Double Eagle za mwaka huo hazikuingia kwenye mzunguko, na karibu zote ziliyeyushwa. Chache zilitoroshwa, na serikali ikazisaka kwa miongo kadhaa kama mali ya wizi. Ile iliyoruhusiwa kumilikiwa na mtu binafsi iliuzwa mnadani New York mwaka 2021 kwa takriban dola milioni 18.9. Kwa hiyo, ukisoma kwamba sarafu fulani ilitengenezwa kwa wingi, usiitupe pembeni. Tafuta kwanza yaliyoipata baadaye.

Uadimu mwingine huzaliwa na makosa ya kiwandani, na sarafu za aina hii ndizo ninazozipenda kuliko zote, maana mtu yeyote anaweza kukutana nazo kwenye chenji. Mwaka 2008 Uingereza ilibadilisha sura ya sarafu ya pensi 20. Zamani mwaka uliandikwa upande wa pili. Kwenye muundo mpya ukahamishiwa upande wenye kichwa cha Malkia. Katika kundi moja, muhuri wa zamani wa kichwa ulitumika pamoja na muhuri mpya wa upande wa pili, na kila mmoja haukuwa na mwaka. Zikatoka sarafu halali kabisa, za matumizi ya kawaida, zisizoonyesha mwaka popote.

Adimu na ya ajabu ni vitu viwili tofauti, na wanaoanza huvichanganya mara nyingi. Sarafu yenye tundu katikati, yenye pembe saba au yenye rangi inaweza kuwa imetengenezwa kwa mamilioni. Hata hivyo, ya ajabu ina raha yake, hasa ukijua sababu ya umbo lake. Mwaka 1644 Sweden ilitoa bamba la shaba la thamani ya daler 10 (pesa ya Sweden ya wakati huo) lenye uzito wa karibu kilo 20. Nchi ilikuwa na shaba tele na madini ya fedha kidogo, na ilitakiwa thamani ya pesa ilingane na thamani ya madini yaliyomo. Haishangazi kwamba Sweden hiyohiyo ndiyo iliyotangulia Ulaya kutoa noti za karatasi, mwaka 1661.

Halafu kuna hali ya sarafu. Hapa bei hupanda au kuporomoka. Wakusanyaji huipima hali hiyo kwa kipimo kiitwacho Sheldon, kuanzia 1 hadi 70. Kuanzia 60 ni sarafu ambazo hazijawahi kutumika madukani. Ishike kwa ukingo, iinamishe polepole chini ya taa. Ikiwa haijatumika, utaona mwanga ukizunguka juu yake bila kukatika. Ikiwa imetumika, mwanga hukatika kwenye sehemu zilizoinuka, kama nywele za juu ya sikio au shavu, kwa sababu ndizo zinazosuguliwa kwanza. Na tafadhali, usiisafishe. Dawa ya kung'arisha huondoa utando wa asili wa madini na kuacha mikwaruzo midogo ambayo mnunuzi mwenye kikuza-macho ataiona papo hapo. Kilichoondoka hakirudi.

Palipo na uadimu, wa kughushi hawakosekani. Mwaka 1943, kwa kuwa shaba ilihitajika vitani, senti za Marekani zilitengenezwa kwa chuma kilichopakwa zinki. Chache zilipigwa chapa kwa bahati mbaya kwenye vipande vya aloi ya shaba vilivyokuwa vimebaki mashineni, nazo leo zina thamani kubwa mno. Wa kughushi huzipaka shaba zile za chuma. Basi anza na sumaku: ikinasa, ni chuma. Isiponasa, ipime kwenye mizani. Ya shaba ina gramu 3.11 hivi, ya chuma 2.7. Ikivuka hapo, itazame ile tarakimu ya mwisho kwa kikuza-macho, kwa sababu wapo wanaochukua senti ya 1948 na kuichonga ile 8 mpaka ifanane na 3.