Kukaza skrubu ya bunduki si kuigomesha

Nimesikia mara nyingi mno mtu akisema "skrubu nimeikaza vizuri" huku maana yake ni kwamba ameizungusha mpaka ikagoma. Safari hii ilikuwa hapa Iringa, mezani kwa fundi wa silaha mwenye leseni, ambako askari mmoja wa wanyamapori alikuwa ameleta bunduki ya nusu otomatiki, yaani inayojipakia risasi yenyewe, ambayo darubini yake ya kulengea ilihama shabaha kila baada ya risasi chache. Skrubu za pete za darubini zilikuwa zimegoma kwelikweli, na mbili kati yake zilikuwa zimekwisha kufa nyuzi, yaani ile mikato inayozunguka shina.

Kukaza skrubu ni kuizungusha mpaka shina lake livutike kwa kiasi kilichokusudiwa, na mvuto huo ndio unaoshikiza vipande viwili pamoja. Nguvu ya kuzungusha huitwa torki, nayo hupimwa kwa nyutoni mita. Ukitundika chupa ya maji ya lita 1 kwenye ncha ya spana yenye urefu wa sentimita 10, umepata karibu nyutoni mita 1. Skrubu ndogo za pete za darubini kwa kawaida huhitaji kama nyutoni mita 2 tu, yaani chupa mbili, na mkono wa mtu mzima hupita kiasi hicho bila mwenyewe kutambua.

Linaloniuma ni neno lenyewe. Skrubu tumeipata kwa Waingereza, na parafujo, jina la zamani la kitu hichohicho, tulilipata kwa Wareno, ambao husema parafuso. Kitenzi kukaza hatukukiazima kwao. Tunakaza kamba ya mzigo, tunakaza kamba za kitanda, tunakaza ngozi ya ngoma kwa kuipasha moto, na kote huko kinachokazwa ni kitu kilichovutwa ambacho kinataka kurudi kilikotoka. Kamba ya kitanda humbeba mtu kwa sababu imevutwa. Ukiilegeza inabonyea, na ukiivuta kupita kiasi inakatika au inapoteza mnepo wake. Skrubu ya chuma ni kamba ya namna hiyo, ila mvutiko wake ni mdogo mno hata jicho haliuoni. Kiswahili kilikuwa kimetupa maana sahihi tangu mwanzo, nasi tumeiacha na kushika hisia ya mkono.

Na mkono hudanganywa kwa urahisi. Kugoma ni kile unachokihisi kwenye bisibisi. Kukazwa ni kile kinachotokea ndani ya shina la skrubu. Kubana ni kile vipande viwili vinachofanyiwa. Skrubu yenye kutu hugoma kabla haijakazwa. Yenye mchanga kwenye nyuzi hugoma vilevile, na barabara zetu za vumbi za kuelekea hifadhi ya Ruaha huutoa mchanga huo bure. Iliyo ndefu kuliko tundu lake hugota mwisho wa tundu na kugoma huku kichwa chake hakijabana chochote. Sababu ni kwamba takriban sehemu 9 kati ya 10 za nguvu unayozungushia huishia kwenye msuguano wa kichwa na nyuzi, na sehemu 1 tu ndiyo inayovuta shina. Ndiyo maana ukipaka mafuta skrubu iliyopangiwa kukazwa ikiwa kavu, kipimo kilekile cha torki huivuta kupita kiasi, hata kuikata.

Katika bunduki ya nusu otomatiki jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa kila risasi inapotoka mtambo hurushwa nyuma na kurudishwa mbele na springi, na mtikisiko huo hufungua taratibu skrubu yoyote isiyo na mvuto wa kutosha. Kwenye AR-15, bunduki ya Kimarekani ya namna hii, skrubu mbili zinazoshika kijibomba cha gesi juu ya kibebeo cha bolti, kile kipande kinachorushwa nyuma na mbele, hukazwa kwa kipimo, kisha chuma cha pembeni hugongwa kikaingia kwenye vichwa vyake ili zisizunguke tena. Waliobuni njia hiyo hawakuuamini mkono.

Kwa bunduki yenye kitako cha mti kuna la ziada. Wakati wa mvua zetu, kuanzia Novemba hadi Aprili, mti hunywa unyevu na kuvimba. Kipupwe cha Juni na Julai kikifika, hewa hukauka na mti husinyaa, na skrubu iliyokuwa imekazwa hulegea pasipo mtu kuigusa. Dawa yake si kuipiga robo mzunguko kila Jumapili. Toa magazini, hakikisha chemba, yaani tundu la risasi kwenye mtutu, ni tupu, safisha nyuzi, kaza kwa spana ya torki, ile inayoonyesha nguvu unayozungushia, kwa kipimo cha mtengenezaji, halafu chora mstari mwembamba wa rangi ya kucha kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye chuma kinachopakana nacho. Mstari ukivunjika, skrubu imezunguka. Ukiwa mzima, haijazunguka, na kama ni ya kitako, hakikisha mvuto wake kwa kipimo kilekile msimu unapobadilika.

Kwa hiyo, ndugu yangu askari, siku nyingine ukileta bunduki mezani, sema tu kwamba skrubu zimegoma. Kama zimekazwa, hilo fundi atakuambia akishapima.