Maziwa si dawa ya sumu: maswali kuhusu vyakula vya jikoni vinavyoua mbwa na paka

Ni vyakula gani hasa vya kuogopa?

Kwa sisi wa Dodoma, mimi daktari wa mifugo naanza na zabibu, mbichi na kavu. Vinafuata vitunguu maji na vitunguu saumu, mahindi na karanga zenye ukungu, chokoleti, donge la maandazi lililotiwa hamira, na bazoka zisizo na sukari zenye zailitoli (kitu kitamu kinachotiwa badala ya sukari), ambazo zinaweza kuporomosha sukari ya damu ya mbwa ndani ya nusu saa. Pombe na machicha yake pia. Najua utaniambia kuna mbwa wa kilabuni anayelamba machicha kila siku. Muulize mwenye kilabu huyo ni mbwa wake wa ngapi.

Mbona sisi tunakula hatudhuriki?

Miili haifanani. Ng'ombe anashiba nyasi. Ukizila wewe, utashinda chooni. Paka ndiye dhaifu zaidi, kwa kuwa ini lake linashindwa kuvunja vitu vingi ambavyo ini la mtu linavivunja bila shida. Kidonge kimoja cha parasetamo kinaweza kumuua, na bado kuna watu wanampa "kwa sababu anachemka".

Mbwa wangu kazaliwa shambani Hombolo, zabibu anaokota kila msimu. Mbona mzima?

Ana bahati, na bahati yake haimlindi mbwa wa jirani, wala haimlindi yeye mwenyewe msimu ujao. Mbwa mmoja hula asidhurike, mwingine hula kiganja kimoja figo zikafa. Kinachoshukiwa zaidi ni asidi ya tataraki iliyomo ndani ya zabibu, ambayo kiasi chake hubadilika kulingana na aina ya zabibu na jinsi ilivyoiva. Ndiyo maana hakuna daktari anayeweza kukutajia idadi ya punje zilizo salama. Zabibu kavu ni mbaya zaidi kwa sababu maji yametoka na kilichobaki kimekolea. Makapi yanayobaki baada ya kukamua mvinyo nayo usiyamwage pale mbwa wanapopita.

Asidi hiyohiyo imo kwenye ukwaju. Kuna mbwa waliokula ukwaju wakaharibika figo vilevile. Mnaotengeneza juisi, makapi yake yafukieni.

Ametapika zabibu zote. Sumu si imeshatoka?

Hapana. Hili ndilo linaloniumiza kuliko yote, kwa sababu hapa ndipo mbwa wengi wanapopotelea. Mbwa aliyekula zabibu hutapika ndani ya saa 24, mara nyingi mapema zaidi. Akimaliza anatulia, pengine anatikisa mkia, na nyumba nzima inasema amepona. Wakati huo figo zinaharibika kimyakimya. Kati ya siku ya kwanza na ya tatu anakataa chakula, analala tu, mkojo unapungua, halafu unakatika. Hapo ndipo naletewa, amebebwa kwenye kiroba, na mwenye mbwa ananiambia "alikuwa mzima jana". Hakuwa mzima jana. Jana ndiyo ilikuwa siku ya kumleta, tena jana asubuhi.

Akifika mapema tunamchoma sindano ya kumtapisha, tunampa mkaa wa dawa, tunamwekea dripu ya siku mbili hivi kusafisha figo. Mkojo ukishakatika, dripu hiyohiyo mara nyingi haimsaidii tena.

Jirani kasema tumpe maziwa kwanza, tuone hali.

Hapana. Maziwa hayaondoi sumu ya zabibu. Hayaondoi ya kitunguu. Hayaondoi ya chokoleti. Kazi yake kubwa ni kuwafanya nyinyi mjione mmeshatibu, mkalale. Tena anayenyweshwa kwa nguvu kwa chupa ya soda, kama ndama, anapaliwa. Maziwa yanaingia mapafuni, na sasa nina wagonjwa wawili ndani ya mbwa mmoja: wa figo na wa mapafu.

Basi mafuta ya kula? Yai bichi? Maji ya chumvi? Mkaa wa jikoni uliosagwa?

Hapana, hapana, hapana, na hapana. Chumvi nyingi yenyewe ni sumu, inafika mpaka kwenye ubongo. Mkaa wa jikoni si ule tunaoutumia sisi.

Vitunguu vinapikwa. Moto hauviondolei makali?

Unaondoa harufu, sumu inabaki. Vibichi, vya kukaanga, vya unga, vyote vinavunja seli nyekundu za damu. Kwa paka wa kilo 3, gramu 15 zinatosha kumdhuru, yaani kipande tu cha kitunguu. Kwa mbwa wa kilo 15 ni kama gramu 225, vitunguu viwili hivi vya wastani, na sufuria la pilau la msibani lina zaidi ya hivyo. Mchuzi unaomwagia paka juu ya dagaa zake nao unahesabika. Hapa pia anakaa siku kadhaa bila dalili, ndipo fizi zinapauka, anahema haraka, mkojo unakuwa wa rangi ya chai. Ukiona mkojo huo usiulize jirani.

Mahindi yaliyoota ukungu tunawatengea mbwa. Si bora kuliko kuyatupa?

Mwaka 2016 watu walikufa hapa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, yaani sumu ya ukungu wa kwenye nafaka. Mbwa anadhurika nayo vibaya sana, na kuchemsha ugali hakuiondoi. Ini linaharibika, macho na fizi vinakuwa vya njano, anatapika damu, kinyesi kinakuwa cheusi. Mahindi usiyoweza kumlisha mwanao usimpikie mlinzi wa nyumba yako.

Ni saa tano usiku. Nisubiri kupambazuke?

Usisubiri. Piga simu. Namba ya daktari wa mifugo uwe nayo kabla ya shida, na ya afisa mifugo wa kata. Usiianze kuitafuta huku mbwa anatapika. Paka mweke kwenye boksi lenye matundu; mbwa mfunge kamba. Bajaji inatosha.

Nikifika niseme nini?

Amekula nini, kiasi gani, saa ngapi. Njoo na kilichobaki, ganda au karatasi, hata matapishi kwenye mfuko. Na kama mmeshamnywesha kitu, kitajeni mapema, maana nikimkuta anakohoa nitajua tu. Sitamgombeza mtu. Labda kidogo, nikishamaliza kumwekea dripu.