Joka si mali ya Jorji

Nimekutana nayo tena, safari hii katika maelezo ya picha ya mtalii: kwamba mwanamume aliyesimama juu ya nguzo pale Piazzetta, uwanja mdogo mjini Venice, ni Mtakatifu Jorji, kwa sababu ana mkuki na amemkanyaga joka. Yatosha sasa. Huyo ni Mtakatifu Teodori, askari mfiadini aliyekuwa msimamizi wa mji huo kabla ya Marko.

Habari za Marko zinajulikana, nami sitakawia nazo. Mapokeo yanasema kwamba mwaka 828 wafanyabiashara wa Venice waliyatorosha masalia yake kutoka Aleksandria wakiwa wameyafunika kwa nyama ya nguruwe, ili wakaguzi Waislamu wasithubutu kuyagusa. Teodori akashushwa cheo, lakini hakufukuzwa, na ndiyo maana nguzo ni mbili: moja ina simba mwenye mabawa, alama ya Marko mwinjilisti, na nyingine ina msimamizi wa zamani.

Kinachonikera hasa ni ile kanuni ya kwamba kila mwenye joka ni Jorji. Katika sanaa ya Wakristo wa Mashariki, Teodori alikuwa akiua joka karne kadhaa kabla ya Jorji kupewa kisa hicho, ambacho kilianza kumwandama katika karne ya 11 hivi. Zipo picha za kale kutoka nchi ya Georgia zinazowaonyesha wawili hao wakiwa juu ya farasi, Teodori akimchoma joka na Jorji akimchoma mtu, yaani mfalme aliyewatesa Wakristo. Kama kuna aliyeazima, basi ni Jorji.

Wapo wanaojaribu kusaidia kwa kusema kwamba Jorji hupanda farasi na Teodori husimama kwa miguu. Kanuni hiyo nayo haifai: picha za Georgia zinaikanusha, na Jorji aliyechongwa na Donatello kwa ajili ya kanisa la Orsanmichele, Florence, amesimama wima bila farasi. Iliyo afadhali ni ya ndevu, kwa kuwa wachoraji wa Bizanti, yaani Dola ya Roma ya Mashariki, walizoea kumpa Teodori ndevu nyeusi na kumwacha Jorji kijana mwenye nywele za mawimbi na kidevu kitupu. Kwa bahati mbaya sanamu ya Venice haina ndevu, kwa sababu uso ule haukuchongwa kwa ajili ya Teodori, wala kwa ajili ya mtakatifu yeyote.

Sanamu hiyo imeungwa kwa vipande. Kichwa ni cha marumaru ya kale. Kiwiliwili chenye deraya ni kazi ya Kirumi. Viungo vilivyobaki, silaha na joka anayefanana mno na mamba viliongezwa katika Zama za Kati. Wataalamu wengine wanadai kwamba uso ni wa Mithridates wa Sita, mfalme wa Ponto, ufalme wa kale kando ya Bahari Nyeusi, lakini mimi nasitasita, kwani kufanana na sura iliyo kwenye sarafu si cheti cha kuzaliwa. Hata hivyo, anayeniambia kwamba basi sanamu ni bandia hajauelewa mji wenyewe, ambao ulijipatia heshima kwa kuvaa vitu vya kale vya watu wengine. Simba wa nguzo ya pili naye ni shaba ya kale iliyotiwa viraka.

Lipo pia jambo ambalo vitabu hulipita kimyakimya. Mapokeo yana akina Teodori wawili, mmoja askari wa kawaida na mwingine jemadari, na huenda ni mtu mmoja aliyegawanywa na masimulizi. Deraya haitusaidii kuamua, kwa maana ilikuwapo kabla ya mtakatifu kupandishwa juu ya nguzo.

Sanamu ya asili imehifadhiwa katika Kasri la Doge, yaani mtawala wa zamani wa Venice, na iliyoko juu ya nguzo ni nakala, kwa hiyo anayetaka kubishana nami kuhusu uso ule aanzie kasrini, si kwenye picha iliyopigwa kutoka chini.