Sandwichi ya karata si kila karata iliyo katikati

Sandwichi, kwa wacheza kiinimacho, ni mchezo ambao karata mbili zinazojulikana, mara nyingi malkia wawili wekundu au joka mbili, zinainasa karata aliyochagua mtazamaji na kuibana katikati yao. Maana imeishia hapo. Siku hizi neno hili linabandikwa kila mchezo ambao karata inatokea katikati ya fungu. Karata iliyojigeuza ikaonekana imefunuka kati ya zilizofunikwa siyo sandwichi. Inayorudi juu kila ukiizamisha siyo. Ule mchezo wa mcheza kiinimacho Roy Walton wa Glasgow, ambamo ree nne zinanasa karata tatu kwa mpigo, ni binamu yake, na una jina lake: wakusanyaji.

Jina lenyewe linatoka kwenye mkate, na mkate umelipata kwa mji. Sandwich ni bandari ya zamani huko Kent, Uingereza. Jina lake la kale lina maana ya mahali pa biashara penye mchanga. John Montagu (1718–1792) alikuwa lodi wa nne wa Sandwich na mkuu wa masuala ya jeshi la majini. Ndiyo sababu James Cook alipofika Hawaii mwaka 1778 aliviita visiwa vile kwa jina hilohilo. Neno kwa maana ya chakula limo katika shajara ya mwanahistoria Mwingereza Edward Gibbon ya mwaka 1762. Miaka 8 baadaye Mfaransa Pierre-Jean Grosley alichapisha habari za waziri mmoja, anayedhaniwa kuwa lodi huyu, aliyekaa kwenye meza ya kamari saa 24 akila nyama kati ya vipande viwili vya mkate ili asiache mchezo.

Hapa ndipo watu wa karata wanapojitwalia sifa isiyo yao. Utasikia kwamba lodi alikuwa anacheza karata, kwa hiyo kiinimacho na chakula vilizaliwa meza moja. Grosley alitaja kamari tu, hakusema karata. Wapo pia wanahistoria wanaoona kwamba mtu mwenye kazi nyingi kama yule huenda alikula hivyo mezani pa ofisi. Kiinimacho kimeazima sura ya mkate: kitu kimebanwa na viwili vinavyofanana. (Rolex ya Kampala, ile chapati ya mayai, kwa hesabu hiyo imo nje: ile inaviringishwa, haibanwi.)

Sura hiyo ina sharti ambalo wengi wanaliruka. Ili mtazamaji aone karata imenaswa, lazima kwanza awe ameona malkia wawili hawana kitu kati yao. Utupu ule ndio mchezo. Mtu akitoa karata tatu kwenye fungu na ya kati ikawa yako, umeona karata imepatikana, hujaona ikinaswa.

Kwa hiyo ukichagua sandwichi ya kujifunza, usianze na mbinu ya vidole. Angalia utupu unaonyeshwa wapi na lini. Kwa anayeanza, iliyo nyepesi ni ya kukata fungu. Mtazamaji arudishe karata yake juu. Changa karata kwa mkono, ya kwanza iteremke peke yake, zote zinazobaki zianguke juu yake. Sasa ya kwake iko chini kabisa. Weka malkia wa kopa juu ya fungu, amefunuliwa. Malkia wa uru, naye amefunuliwa, anapelekwa chini, lakini haendi chini kabisa: kidole kidogo cha mkono wa kushoto kinaivuta kona ya karata ya chini hadi unapatikana mwanya mwembamba, na malkia anaingia humo. Mtazamaji akikata na kukamilisha, wa uru anakuja juu, karata yake inafuata, kisha wa kopa. Tandaza.

Kinachoharibu ni viwili. Mwanya unaonekana kwa aliyekaa upande wako wa kulia, basi inamisha ukingo wa mbele wa fungu kumwelekea aliye mbele yako. La pili ni kunyamaza. Kabla hajakata, mwambie kwamba mmoja yuko juu na mwingine chini, na kwamba akikata watakutana wagusane. Usiposema, utupu haumo kichwani mwake.

Ya pili ni ngumu zaidi, ila nguvu yake ni kubwa, kwa sababu malkia wanaonyeshwa mmoja mmoja mkononi. Karata yake iko juu ya fungu, na kidole kidogo kinashika mwanya chini yake. Malkia wawili waliofunuliwa wanawekwa juu, mkono wa kulia unazishika zote tatu kutoka juu, gumba nyuma na vidole mbele. Gumba la kushoto linamvuta wa kwanza abaki juu ya fungu. Wa pili, akiwa ameificha karata chini yake, anawekwa juu ya yule. Imekwisha kunaswa. Wanaoanza wanahofia unene wa karata mbili zinazoshikwa kama moja, na hofu hiyo ni ya bure: karata moja ina takriban milimita 0.3. Kinachowaumbua ni kingo zilizoachana, hasa karata zikiwa mpya na zinateleza. Zibane kwa gumba la nyuma na usizikunje.

Mbili hizi hazifanani kwa chochote mikononi, na bado kwa mtazamaji ni mchezo mmoja. Kwa hiyo kusema “nimejifunza sandwichi” ni kama kusema umejifunza mchuzi. Anayekwambia hivyo hajakosea sana. Muulize tu ni ipi, na malkia walionyeshwa watupu lini. Akikosa jibu la swali la pili, huenda anao mchezo mzuri wa kupata karata, na inafaa auite hivyo.