Kwa nini 28 ni namba timilifu

Vigawo vya 28 ni sita: 1, 2, 4, 7, 14 na 28 yenyewe. Weka 28 kando, ujumlishe vilivyobaki: 1 + 2 + 4 + 7 + 14. Jibu ni 28 ileile. Namba ya namna hii ndiyo huitwa timilifu. Jirani yake 27 haifikii. 1 + 3 + 9 ni 13 tu, basi hiyo ni pungufu. Nayo 30 inapitiliza hadi 42, ni zidifu. Makundi haya matatu yamo katika maandishi ya Nicomachus wa Gerasa, Mgiriki wa takriban miaka 1,900 iliyopita.

Namba timilifu ni adimu. Chini ya 10,000 zipo nne tu: 6, 28, 496 na 8,128. Njia ya kuzipata aliitoa Euclid, mwanahisabati Mgiriki wa kale, na ni nyepesi ajabu. Anza na 1, endelea kujumlisha kwa kuongeza maradufu: 1 + 2 + 4 = 7. Jumla ikiwa namba tasa, izidishe kwa namba ya mwisho uliyoongeza: 7 × 4 = 28. Ongeza 8, unapata 15, ambayo si tasa, ipite. Ongeza 16, unapata 31, tasa, na 31 × 16 ni 496. Karne ya 18 mwanahisabati Leonhard Euler alithibitisha kwamba kila namba timilifu iliyo shufwa hutokana na njia hiyohiyo.

28 ni namba ya pembetatu vilevile, yaani jumla ya 1, 2, 3 na kuendelea bila kuruka, na wacheza dhumna wanaishika mkononi kila siku. Kete zina thamani saba, kuanzia tupu hadi sita. Tupu inaungana na zote saba, ikiwemo tupu mwenzake. Moja inabakiwa na sita, maana tupu-moja imeshahesabiwa. Mbili inabakiwa na tano, hivyohivyo hadi sita-sita iliyo peke yake. 7 + 6 + 5 + 4 + 3 + 2 + 1: kete 28.

Utaikuta pia kwenye orodha ya namba zenye furaha, zile ambazo ukijumlisha vipeo vya pili vya tarakimu zake, ukarudia kwa kila jibu, unaishia 1: 2² + 8² = 68, 6² + 8² = 100, kisha 1² + 0² + 0² = 1. Hili mimi naliona mchezo tu, kwani linategemea tarakimu tunazoandikia. Kwa tarakimu mbili za kompyuta, 0 na 1, kila namba ina furaha! Utimilifu hauondoki, tena huko unaonekana vizuri zaidi: 6 ni 110, 28 ni 11100, 496 ni 111110000. Idadi ya sifuri daima ni pungufu kwa moja kuliko idadi ya tarakimu 1.

Namba timilifu zote zilizopatikana hadi leo ni shufwa. Witiri timilifu hakuna aliyeiona, wala aliyethibitisha kuwa haipo. Kama ipo, ina tarakimu zaidi ya 1,500.