Mchezo ndani ya zoezi: namna ninavyofundisha gofu Lubumbashi

Mzazi anayefika kumchukua mwanawe mazoezini, akakuta watoto wanacheka, wanabishana juu ya pointi na kukimbilia mipira, huniuliza kwa adabu: “Kochi, kweli hawa wanajifunza?” Swali hilo ni la haki, kwa sababu wengi hapa Lubumbashi bado wanaihesabu gofu kuwa mchezo wa wakubwa, na anayelipa ada anatarajia kuona watu wamesimama kwa mstari, kimya, wakirudia pigo moja. Jibu langu huwa hili: kicheko hicho hakitokani na vichekesho vyangu. Kinatokana na zoezi lenyewe kuwa na shabaha, na hesabu, na uwezekano wa kushindwa, na hayo ndiyo yanayomfanya mchezaji abaki na kile alichojifunza hata baada ya wiki kupita.

Tazama zoezi linalopendwa kuliko yote. Mtu anamwaga ndoo ya mipira, anashika fimbo ya chuma namba saba, na kuipiga kuelekea upande ule ule mpaka ndoo iishe. Akifika katikati ya ndoo mapigo yananyooka, anaridhika, anarudi nyumbani. Lakini uwanjani hakuna anayepewa mpira ule ule mara mbili: anaanza kwa fimbo ndefu, kisha anajikuta kwenye mteremko, kisha mchangani, na kati ya pigo na pigo anatembea dakika kadhaa. Mwaka 1979 watafiti John Shea na Robyn Morgan waliwafundisha watu miondoko mitatu ya kuangusha vibao vidogo kwa mkono. Waliorudia muondoko mmoja mpaka uishe ndio waliofanya haraka zaidi wakati wa mazoezi. Waliochanganyiwa miondoko walisuasua, ila walipopimwa baada ya dakika 10, na tena baada ya siku 10, hao wa pili ndio waliokuwa wamekumbuka zaidi. Sichukui matokeo hayo kama sheria kwa kila mtu. Anayeshika fimbo kwa mara ya kwanza anahitaji kurudia kidogo kwanza, ili angalau ajue mpira uliopigwa vizuri unasikikaje. Akishaonja, namchanganyia.

Mchezo ninaoutumia zaidi kwa kuchanganya unahitaji mipira tisa tu. Kila mchezaji anaichukua na kuitawanya kuzunguka grini, yaani ule uwanda wa nyasi fupi wenye shimo: mmoja kwenye nyasi ndefu, mwingine mchangani, mwingine kando ya mzizi wa mti, na mmoja, wa lazima, mahali anapopaogopa. Kila mpira unatarajiwa kuingia shimoni kwa mapigo mawili, moja la kuusogeza karibu na moja la kuusukuma ndani, kwa hiyo jumla inayolengwa ni 18. Nawaacha watoto wagawane timu, na kwa kuwa tuko Lubumbashi, lazima moja itajiita Mazembe na nyingine Lupopo, kama zile timu za soka za mji wetu, hata nikikataza. Hapo ndipo unamwona mtoto ambaye dakika chache kabla alikuwa anapiga ovyo akichutama nyuma ya mpira wake, anakagua mwinamo wa nyasi, anairudisha fimbo aliyoichagua na kuchukua nyingine. Sijamwambia neno. Angekuwa anapiga mpira wa bure asingefanya hivyo, kwa sababu kosa lisingemgharimu kitu.

Kwenye grini jambo zito ni kasi ya mpira, wala si mstari peke yake. Shimo lina upana wa milimita 108, na mpira haupungui milimita 42.67, kwa hiyo mpira unaofika polepole huweza kudondokea ukingoni, lakini uliosukumwa kwa nguvu lazima upite katikati kabisa, la sivyo unaruka. Basi tunacheza mchezo tunaouita ngazi. Mchezaji anasukuma mpira wa kwanza karibu, wa pili lazima uupite wa kwanza, wa tatu uupite wa pili, na kuendelea, bila hata mmoja kuvuka kamba niliyoilaza mbele. Mwenye mipira mingi kabla ya kamba ndiye mshindi. Ujanja wote uko katika kupita kwa kidogo sana, na mikono hujifunza kipimo hicho bila mimi kuhubiri. Watu wazima wanaonuna wakikosa nawakumbusha kwamba hata wachezaji wa PGA Tour, mashindano ya wanagofu wa kulipwa wa Marekani, wakiwa mita 2.4 kutoka shimoni, hufaulu karibu nusu tu ya majaribio yao.

Maneno ya mwalimu nayo yanaweza kuharibu mchezo mzuri. “Nyoosha kiwiko, geuza nyonga, tuliza kichwa”: mwanafunzi aliyepewa amri tatu kwa pamoja hugeuka kuwa mlingoti. Mwaka 1999 Gabriele Wulf na wenzake waliwafundisha pigo fupi la gofu watu wasiowahi kucheza. Kundi moja liliambiwa lifikirie mwendo wa mikono, jingine mwendo wa fimbo. La pili lilikuwa sahihi zaidi, hata kesho yake lilipopimwa bila maelekezo. Ndiyo maana ninaweka vitu vya kulenga: beseni, tairi kuukuu, bidoni iliyokatwa. Ninasema, “Mpira udondoke kwenye tairi, kisha ujiendee wenyewe,” na kiwiko mara nyingi hujirekebisha.

Mkubwa wa kazi hapendi kushindwa na mtoto mbele ya watu, na mtoto hachelewi kuchoka akishindwa kila siku. Gofu ina dawa yake ya zamani, ile hesabu ya kumpa mchezaji dhaifu nafuu ya mapigo, ambayo tangu mwaka 2020 ina mfumo mmoja wa dunia unaofika hadi 54. Mazoezini naifupisha: anayeshinda raundi anarudi nyuma hatua mbili, anayeshindwa anasogea mbele mbili. Baada ya muda si mrefu Papa na mwanawe wanapigana vikali kutoka umbali tofauti, na kila mmoja yuko mahali ambapo kufaulu kunawezekana lakini hakujihakikishi.

Majira pia hutusaidia. Mwezi wa sita na wa saba ardhi yetu hukauka na mpira hukimbia, kwa hiyo tunashindana kuuviringisha chini kwa fimbo namba nane. Mvua zikishika, udongo mwekundu hulowa, mpira hukwama unapodondoka, nasi tunahamia kwenye kuurusha juu.

Kwa yule mzazi wa swali la mwanzo ninatunza kadi. Kila mwezi narudia ule mchezo wa mipira tisa katika sehemu zile zile nilizozichagua mimi, bila timu na bila mawaidha, na kuandika jumla. Nambari haishuki kila mwezi. Pengine hupanda, hasa mtoto akirefuka ghafla au akibadilisha fimbo, na hilo namweleza mzazi waziwazi. Mchezo ambao miezi inapita wala faida yake haionekani kwenye kadi ninauondoa, hata kama unapendwa.

Upo mmoja unaopendwa kuliko yote, nao siuruhusu ovyo: kushindana nani atapiga mbali zaidi kwa fimbo kubwa. Sharti langu ni kwamba mpira upite kati ya miti miwili niliyoitaja, wote wasimame nyuma ya anayepiga, na pigo linalotoka nje ya miti lihesabiwe sifuri hata likifika wapi. Watoto wanalalamika sana juu ya sharti hilo. Wanalalamika, kisha wanapanga foleni.