Reli ya Nachingwea haikuwa ya Mjerumani

Jamani hii ya kwamba stesheni ya Nachingwea aliijenga Mjerumani tuiache. Najua kwetu kila kitu cha zamani anapewa Mjerumani, daraja Mjerumani, boma Mjerumani, hata mwembe! Mjerumani reli zake kubwa ni ya Tanga kwenda Moshi na ile ya kati, Dar mpaka Kigoma, na baada ya vita ya kwanza akanyang'anywa Tanganyika.

Reli ya Nachingwea ni ya Mwingereza na ilijengwa kwa ajili ya karanga. Ndiyo, karanga hizi hizi za kutafuna. 1947 Waingereza walikuwa na njaa ya mafuta ya kupikia baada ya vita ya pili, wakaanzisha mashamba makubwa Kongwa, Urambo na Nachingwea, sasa huku kusini mzigo ungefikaje baharini? Wakatandika reli kutoka Mkwaya, pale karibu na Lindi, 1949 ikafika Nachingwea, halafu ndio ikajengwa bandari ya Mtwara yenye kina na reli ikafikishwa huko 1954.

Kichekesho ni kwamba mradi wenyewe ulishakufa 1951, yaani bandari imekuja mzigo haupo. Treni ikaendelea kubeba kidogo kidogo, hasara tupu, 1962 ikafungwa na mataruma yakang'olewa. Miaka 13 tu, mtu hata darasa la saba hajamaliza vizuri.